Kanuni ya Mrabaha wa Dhahabu katika Somo la Aljebra

Mwaka 2017 Sheria ya Madini ilirekebishwa, na mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 6 ya thamani ghafi. Kialjebra, kanuni hiyo huandikwa m(x) = 0.06x: m ni jina la kanuni, x ni thamani ya dhahabu. Wanafunzi wengi hudhani m(x) ni m mara x; sivyo. Mabano huonyesha thamani inayoingizwa. Kwa dhahabu ya shilingi 500,000, m(500,000) = 0.06 × 500,000 = 30,000. Kiwango kikibadilika, hubadilishwa 0.06 pekee. Mzazi mchimbaji, mfundishe mwanao kwa mfano huu. Nawe utahakiki mrabaha ulioandikwa katika stakabadhi yako kabla ya kuondoka soko la madini, Geita au Kahama.