Bandeji ya fedha, asali na kidonda cha sukari

Siku hizi ukiingia duka la dawa ukaulizia bandeji ya kidonda, huonyeshwi kitambaa cheupe peke yake. Kuna ya kijivu iliyotiwa madini ya fedha, kuna ya asali, na kuna ya ayodini. Zote zimekusudiwa kuua vijidudu pale pale kidondani. Bei zake si za mchezo.

Nimezifuatilia kwa sababu ya shangazi yangu, mwenye sukari, aliyepata kidonda chini ya wayo. Muuzaji mmoja alimwambia bila bandeji za fedha hatapona, na wanawe wakaanza kuulizana nani auze nini.

Fedha hiyo ni madini yale yale ya bangili na pete za Lamu. Ikikutana na majimaji ya kidonda hutoa chembe zinazoingia ndani ya bakteria na kuwaharibu. Si jambo jipya: miaka ya 1880 daktari Mjerumani, Carl Credé, alitia matone ya dawa ya fedha machoni mwa watoto wachanga ili wasipofuke, na tangu 1968 krimu ya fedha imekuwa ikipakwa walioungua. Ya ayodini hunyonya usaha huku ikiachia dawa kidogo kidogo. Mwenye maradhi ya tezi ya shingo amwambie daktari kwanza.

Asali nayo hatuhitaji kuuziwa sifa zake, Suratun-Nahl tunaisoma. Huvuta maji kutoka kwa vijidudu, ina uchachu, na hutengeneza dawa yake ya kuua wadudu. Lakini ya hospitali husafishwa kwa miale maalumu. Ya chupa ya jikoni huweza kuwa na mbegu za bakteria hatari, kwa hivyo inywe, usiitie kidondani.

Sasa sikiza lenye uzito. Mwaka 2023 jopo la kimataifa la wataalamu wa mguu wa kisukari, IWGDF, lilitoa mwongozo: bandeji za kuua vijidudu zisitumiwe kwa nia ya kuponyesha kidonda cha mguu wa sukari. Asali pia wameitaja. Ushahidi kwamba zinaponyesha haukutosha.

Sababu inaeleweka. Kidonda cha wayo hakikai kwa ajili ya vijidudu tu. Mishipa ya fahamu imekufa ganzi, mtu hakanyagi kwa uchungu, basi kila hatua inakitonesha upya. Damu nayo huenda haifiki vizuri. Kinachoponyesha ni kuuondolea wayo uzito kwa plasta au kiatu maalumu, kukatwa nyama iliyokufa, kupimwa mtiririko wa damu na kuishusha sukari. Maambukizi yakishaingia ndani, hutibiwa kwa antibiotiki za kumeza au sindano. Hakuna bandeji inayoziba nafasi hiyo.

Sisemi zitupwe. Kidonda cha aina nyengine kilichojaa vijidudu huweza kusaidiwa nazo, lakini kwa muda. Baada ya wiki mbili hivi kitazamwe upya, si kununua pakiti juu ya pakiti.

Shangazi sasa anafungwa kitambaa cha kawaida kliniki, na pesa zimekwenda kwenye kiatu. Mwenye sukari akitia udhu atazame nyayo na katikati ya vidole, kisha akaushe. Uwanja wa msikiti ukiwa na jua kali asikanyage peku. Akiona wekundu unaopanda, harufu, homa au nyama nyeusi, aende hospitali siku hiyo hiyo.