Karafuu Haingoji Hukumu

Wanachama wenzetu, kila msimu ukikaribia hutufikia habari za mashamba yaliyozuiwa. Ndugu wamegombana, mmoja amekimbilia mahkamani, na amri imetoka asichume mtu mpaka kesi isikizwe. Hatusemi kwamba mahkama ni mbaya. Twasema karafuu haina subira. Karafuu ni tumba la ua. Likianza wekundu nalo halijafunuka, huo ndio wakati wake. Likifunuka thamani imeshuka, na likiachwa zaidi huwa mpeta, ambao kazi yake ni mbegu tu. Hakimu mwenye kesi tele mezani akiahirisha mwezi mmoja hakukosa, lakini mwezi huo waweza kuwa ndio mavuno yenu yote.

Magomvi mengi ni ya mirathi. Tuseme marehemu ameacha mjane, wana wawili wa kiume na binti mmoja, na mikarafuu 40; wazazi wake walikwisha tangulia, na deni hakuacha. Kwa sharia mjane hupata thumni, yaani miti 5. Inayobaki ni 35: kila mwana wa kiume 14, binti 7. Mpaka hapo hakuna la kubishaniwa, na Kadhi atawaambia vivyo hivyo.

Ugomvi ni miti ipi. Mkarafuu mkongwe ulioshiba matumba si sawa na mche wa miaka mitatu usiojua kuzaa. Anayetaka kudhulumu humpa dada yake miti 7 kwa hesabu, yote michanga, kisha husema sharia imetimia!

Hapa ndipo wazee wawili watatu wanaolijua shamba, pamoja na sheha, hufanya kazi iliyo nzito kwa hakimu aliyekaa mbali. Hupita mti kwa mti na warithi wote, wakatenga mikubwa, ya kati na michanga, na kila mmoja akapata katika kila aina kwa kadiri ya fungu lake. Binti na mjane nao wawepo kwa miguu yao. Tumechoka na vikao ambamo mjomba humsemea mwanamke aliyeachwa jikoni.

Tena si lazima ugomvi wote uishe ndipo mchume. Wengi hawalifikiri hili. Patanani kwanza juu ya mavuno ya mwaka huu peke yake: shamba lichumwe kwa pamoja, wachumaji walipwe kwa pishi iliyokubaliwa kabla hawajapanda mtini, karafuu ikauke, ipelekwe kwenye kituo cha Shirika, na fedha zigawiwe kwa mafungu yale yale. Miti yenyewe mtaigawa baada ya msimu, vichwa vikiwa vimepoa.

Suluhu nayo ina mipaka. Mrithi anayelijua fungu lake aweza kuwasamehe wenzake au kuwaachia kwa malipo, lakini aliyetishwa au kufichwa hesabu hakusuluhishwa, amenyang'anywa. Fungu la yatima halisamehewi na mtu. Eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 zina masharti yake, na ardhi ni ya Serikali. Wazee wasijitwalie madaraka ya kuziuza. Wizi, kupigana na udhalilishaji ni mambo ya polisi, si ya barazani. Na asiyeridhika na suluhu mlango wake haukufungwa: Kadhi yupo, na Mahkama ya Ardhi ipo kwa sheria ya 1994.

Kama kesi imekwisha funguliwa, msidhani mmechelewa. Wenye kesi waweza kupatana nje, kisha wakaiomba mahkama iyaandike mapatano yao yawe hukumu.

Mkishapatana, andikeni siku ile ile, kwa maana maneno ya barazani husahaulika haraka kuliko deni la dukani. Karatasi itaje majina ya wote, mipaka ya shamba, idadi ya miti ya kila mtu na alama zake, nani atapokea fedha kituoni, na siku atakayozigawa mbele ya wenzake akiwa na risiti mkononi. Watie saini au dole gumba, mashahidi nao vile vile, na sheha apige muhuri. Kila mrithi apewe nakala yake, hata yule asiyejua kusoma, mwanawe atamsomea.