Simoni na vito vya kwenye simu



Mzazi akimwona mtoto ameinamia simu akicheza Harry Potter: Puzzles & Spells, huuliza: "Padre, huu si uchawi?" Mchezo huo ulitolewa mwaka 2020 na kampuni ya Zynga ya Marekani. Mchezaji hupanga vito vitatu au zaidi vya rangi moja mpaka vitoweke, na kila akivuka hatua, hadithi ya wachawi husonga mbele.

Kanisa halifanyi mzaha na uchawi. Katekisimu, namba 2117, inakataza kuzitumikisha nguvu za giza, hata kwa nia ya kuponya. Lakini mtoto anayepanga vito hazitafuti nguvu hizo. Anafurahia hekaya, kama sisi tulivyofurahia za sungura na fisi. Afadhali aulizwe mtu mzima anayemkemea mtoto huku mwenyewe amefunga hirizi kiunoni.

Hata hivyo, soma Matendo ya Mitume, sura ya 8. Simoni wa Samaria alikuwa mchawi, akaamini, akabatizwa. Alipoona Roho Mtakatifu akitolewa kwa kuwekewa mikono, alileta fedha ili naye apewe uwezo huo. Petro hakumkaripia kwa uchawi wake wa zamani, bali kwa kudhani kuwa karama ya Mungu hununuliwa. Kwa jina lake tumepata neno "usimoni".

Sasa rudi kwenye simu. Mchezo hupakuliwa bure. Hatua huzidi kuwa ngumu, na ukishindwa unapoteza uhai. Uhai ukiisha, unasubiri au unalipa. Polepole mtoto anajifunza kwamba subira ni adhabu na fedha ndiyo ufunguo. Somo hilo likikua naye, kesho atatafuta cheti bila kusoma, kazi kwa rushwa, na muujiza kwa bahasha nene ya sadaka.

Basi, mzazi, usiivunje simu. Weka nywila kwenye manunuzi. Keti na mwanao, umuulize amekwama wapi. Uhai wa mchezo ukiisha, iwe ndiyo kengele ya kuweka simu chini, mle na msali pamoja. Ajifunze kwamba kusubiri hakumuui mtu.

Nawe jiulize: ni neema gani ninayotaka kuilipia kwa sababu nimechoka kuingoja? Simoni, baada ya kukaripiwa, aliomba aombewe. Nasi tuombeane.

Dominika njema.