Ngazi ya Mkoloni: Msomali, Mhindi na Myahudi

Wanafunzi wangu watokao Garissa huniuliza swali ambalo si la isimu hasa: je, Msomali wa Kenya ni mwenyeji au mgeni? Mimi huwarudisha kwanza sokoni kwao. Duka kwa Kisomali ni dukaan na gari ni gaari, maneno ambayo Mhindi akiyasikia hahitaji mkalimani. Jumamosi ni Sabti, neno lenye nasaba moja na Shabati ya Wayahudi. Maneno hayo yalisafiri bila kibali. Watu hawakubahatika hivyo, kwani kwa sheria za mwaka 1926 na 1934 serikali ya kikoloni iliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ikawa haruhusiwi mtu kuingia wala kutoka bila idhini.

Katika koloni hiyo kila jamii ilipewa kipago chake kwenye ngazi: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini. Mwaka 1903 Uingereza ilipowaahidi Wayahudi ardhi ya Uasin Gishu, walowezi, Lord Delamere akiwa mbele, walipinga kwa ghadhabu. Mkutano wa Wazayuni huko Basel uliikataa ahadi hiyo mwaka 1905. Hata hivyo, Wayahudi wachache waliohamia Nairobi walihesabiwa kuwa Wazungu, ingawa hawakupendwa. Wahindi hawakuipata nafasi hiyo: Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923 uliwaachia walowezi Nyanda za Juu peke yao.

Na Msomali je? Hapa ndipo pana kisa ambacho vitabu vya shule hukipita upesi. Isahakia, waliotoka pwani ya Somalia ya Waingereza na Aden wakiwa askari, wapagazi na wafanyabiashara wa mifugo, walitolewa katika hesabu ya "wenyeji" kwa baadhi ya mambo na sheria ya mwaka 1919. Huko Eastleigh walikuwa majirani wa Wahindi. Serikali ilipopanga kodi mpya mwaka 1936 na kuwatoza kiasi kidogo kuliko Waasia, walikasirika. Waliandika malalamiko hadi London wakidai walipe kodi kubwa zaidi! Mchumi atacheka. Lakini walijua walichokitaka: Mwasia alikuwa na wodi yake hospitalini na hata mlo wake gerezani, naye Mwafrika alikuwa na kipande shingoni.

Siwalaumu, ila naona hasara iliyofuata. Kila jamii ilipigania kipago cha juu zaidi, na wachache kama Makhan Singh, aliyewaunganisha wafanyakazi Waasia na Waafrika katika chama kimoja, ndio waliothubutu kuigusa ngazi yenyewe. Serikali ilimweka kizuizini kwa zaidi ya miaka 11. Hoja kwamba "sisi si wenyeji" nayo ilibaki kwenye majalada, ikawasubiri wajukuu, pamoja na Wasomali wa Garissa ambao hawakuwahi kuitoa.

Baada ya uhuru, hali ya hatari ilitangazwa Kaskazini Mashariki mwezi Desemba 1963, ikadumu hadi 1991. Mwishoni mwa mwaka 1989 Wasomali wote walitakiwa kuchujwa. Aliyefaulu alipewa kadi ya pili ya rangi ya waridi, juu ya kitambulisho alichokuwa nacho. Hakuna Mkenya wa jamii nyingine aliyeulizwa jina la babu wa babu yake namna hiyo.

Historia ina kejeli zake. Mwezi Julai 2017 Wakenya wenye asili ya Kiasia walitangazwa kuwa kabila la 44 la Kenya. Yaani kile kipago ambacho Isahakia walikililia sasa ni kabila kama Wapokomo na Wamunyoyaya wa kandokando ya Mto Tana. Kijana wa Garissa alisubiri zaidi: uchujaji wa ziada kwa wanaotafuta vitambulisho katika kaunti za mpakani ulitangazwa kukomeshwa mwezi Februari 2025, Rais William Ruto alipozuru eneo hilo.

Habari hizo zilipofika darasani, msichana mmoja alisema kwamba baba yake bado anaihifadhi kadi ya waridi sandukuni, ndani ya bahasha ya plastiki, na hataki kusikia habari ya kuitupa.