Mazoezi Yale Yale, Mwili Mwingine: Kupima Ukali wa Mazoezi ya Nyumbani Kadiri Siha Inavyoongezeka

Wagonjwa wengi wa shinikizo la juu la damu, kisukari na unene uliopindukia huondoka kliniki wakiwa na ushauri wa kufanya mazoezi nyumbani. Mara nyingi ushauri huo huandikwa kwa idadi: tembea dakika 30, panda na kushuka ngazi mara 20, inuka kitini mara 10. Idadi hizo hufaa kwa wiki za mwanzo. Tatizo hujitokeza baada ya miezi miwili au mitatu, wakati mwili umekwisha kubadilika ilhali karatasi ni ile ile. Kwa mgonjwa mmoja, zoezi lililokuwa likimtoa jasho limekuwa jepesi. Hafaidiki tena kama awali, naye hukata tamaa akidhani kwamba mazoezi hayamsaidii. Mwingine, kwa furaha ya kujiona ana nguvu, huruka hatua tatu kwa siku moja, akaumiza goti au akapatwa na maumivu ya kifua. Wote wawili wamekosa kitu kimoja, nacho ni njia ya kutambua zoezi lina ukali gani kwa mwili walio nao leo.

Neno ukali lina maana mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoleta makosa mengi. Kuna ukali wa kazi yenyewe, na kuna ukali wa kazi hiyo kwa mtu fulani. Wanafiziolojia hupima ule wa kwanza kwa kizio kiitwacho MET. MET 1 ni nishati anayotumia mtu aliyekaa kimya, inayokadiriwa kuwa sawa na mililita 3.5 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito wake kwa dakika. Kutembea kwa haraka katika njia tambarare hugharimu takriban MET 4. Kazi ya kati ya MET 3 na 6 huitwa ya wastani; ya MET 6 na kuendelea huitwa kali.

Sasa chukulia mama wa miaka 52 ambaye uwezo wake wa juu kabisa, siku anapoanza, ni MET 5. Kutembea kwa haraka kunamgharimu MET 4 kati ya 5 alizo nazo, yaani asilimia 80 ya uwezo wake. Kwake hiyo ni kazi kali, hata kama vitabu vinaiita ya wastani. Uwezo wake ukipanda hadi MET 8, mwendo ule ule unamchukulia asilimia 50 tu. Njia haikufupishwa, wala mwendo haukupunguzwa. Ndiyo maana mhudumu anayeandika "tembea haraka" bila kuongeza neno jingine amempa mgonjwa agizo ambalo maana yake itabadilika bila yeye kujua.

Mabadiliko hayo ndani ya mwili hayatokei kwa pamoja. Katika wiki mbili za mwanzo kiasi cha maji ya damu huongezeka, moyo hujaa vizuri zaidi na kusukuma damu nyingi kwa kila pigo. Kwa kuwa kila pigo lina mzigo mkubwa, mapigo machache hutosha kwa kazi ile ile. Mapigo ya mtu akiwa amepumzika nayo hupungua polepole. Katika wiki zinazofuata mishipa midogo ya damu huongezeka kwenye misuli, na ndani ya chembe za misuli mitokondria huzidi kwa idadi na ukubwa, hivyo oksijeni hutumika kwa ufanisi na kutweta hupungua. Nguvu ya misuli ina historia yake: ongezeko la wiki za mwanzo hutokana zaidi na neva kujifunza kuiamrisha misuli kuliko misuli kunenepa. Mgonjwa anayeniambia katika wiki ya tatu kwamba ana nguvu lakini mkono haujajaa, anasema kweli kabisa.

Tuanze na kipimo kisichohitaji kifaa: kuongea. Unapofanya zoezi la wastani unaweza kusema sentensi nzima bila kukatika, lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba kaswida au wimbo wa kwaya kwa starehe, zoezi ni jepesi. Ukilazimika kuvuta pumzi baada ya kila maneno mawili matatu, umeingia katika mazoezi makali. Wataalamu wengine hukidharau kipimo hiki kwa kuwa hakitoi namba. Mimi nakiamini kuliko saa nyingi za mkononi, kwa sababu kinajirekebisha chenyewe: siha ikipanda, mwendo unaokufikisha kwenye kikomo cha kuimba nao hupanda. Mgonjwa hahitaji kubadilishiwa karatasi. Anahitaji kuambiwa asake mwendo ule unaomnyima wimbo bila kumnyima mazungumzo.

Kipimo cha pili ni hisia ya juhudi. Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, alikitengeneza katika miaka ya 1960 kwa namba kutoka 6 hadi 20. Namba hizo zinawashangaza wengi, lakini zina sababu: ukizidisha kwa 10 unapata makadirio ya mapigo ya moyo ya kijana mwenye afya, kutoka 60 akiwa amepumzika hadi 200 akiwa mwishoni mwa uwezo wake. Kiwango cha wastani huwa 12 hadi 13, na kikali ni 14 hadi 17. Kwa wagonjwa wengi naona ni rahisi kutumia namba 0 hadi 10, ambapo 0 ni kukaa na 10 ni juhudi ya mwisho. Hapo wastani ni 5 au 6, na kali ni 7 au 8, kama Shirika la Afya Duniani linavyoeleza. Mgonjwa aulizwe juu ya mwili mzima, yaani pumzi, jasho na uchovu wa misuli kwa pamoja, si maumivu ya goti peke yake. Na aulizwe akiwa bado katika zoezi, kwa kuwa akishakaa na kunywa maji kila kitu huonekana kilikuwa chepesi.

Kipimo cha tatu, mapigo ya moyo, ndicho kinachopendwa zaidi na ndicho kinachopotosha zaidi kikitumiwa kijuujuu. Kanuni maarufu ya kutoa umri kutoka 220 ili kupata mapigo ya juu kabisa ni ya makadirio tu. Mtu mmoja anaweza kuachana na namba hiyo kwa mapigo 10 au 12, juu au chini, na wengine kwa zaidi. Kanuni iliyochapishwa mwaka 2001 na Tanaka na wenzake, yaani 208 kutoa 0.7 ya umri, inawafaa zaidi watu wazima wenye umri mkubwa, ingawa nayo ni makadirio. Njia bora ni ile inayotokana na kazi ya Martti Karvonen wa Finland ya mwaka 1957, ambayo huzingatia pia mapigo ya mtu akiwa amepumzika.

Tumrudie mama yetu wa miaka 52. Mapigo yake ya juu yanakadiriwa kuwa 172. Akiamka asubuhi, kabla ya kuinuka kitandani, anahesabu 84. Tofauti, ambayo ni akiba yake ya mapigo, ni 88. Mazoezi ya wastani huchukua asilimia 40 hadi 59 ya akiba hiyo. Ukijumlisha na 84 unapata kati ya 119 na 136. Baada ya miezi mitatu anaamka na mapigo 72. Akiba sasa ni 100, na eneo lake la wastani ni 112 hadi 131. Angalia jambo hili kwa makini, kwani linakwenda kinyume na matarajio ya wengi: lengo lake limeshuka kidogo, lakini kazi inayohitajika ili kulifikia imepanda. Kupanda ngazi kulikokuwa kukimfikisha 135 sasa huenda kukamfikisha 108 tu, yaani nje kabisa ya eneo la wastani. Hapo ndipo pa kuongeza. Mapigo ya juu kabisa, kwa upande wake, hayapandi kwa mazoezi. Anayemwahidi mgonjwa hivyo anakosea.

Ili kuhesabu, weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono upande wa gumba, usitumie gumba lenyewe, hesabu kwa sekunde 15 kisha zidisha kwa 4. Anza mara tu unaposimama, maana moyo uliozoea mazoezi hushuka upesi, na ukichelewa dakika moja utapata namba ya mtu aliyepumzika.

Kuna wagonjwa ambao hesabu hii haiwafai kabisa. Wanaotumia atenolol, bisoprolol, carvedilol au propranolol wana moyo uliofungwa breki; wanaweza kuwa mwishoni mwa juhudi huku mapigo yakiwa 105. Kuwalazimisha wafikie namba ya kanuni ni hatari. Wenye kisukari cha miaka mingi kilichoathiri neva za moyo, na wale ambao mapigo yao hayana mpangilio, nao wategemee kuongea na hisia ya juhudi. Kinyume chake, upungufu wa damu, homa na joto hupandisha mapigo bila kazi kuongezeka. Mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anayefanya mazoezi saa nane mchana mwezi Februari asishangae kuona mapigo yamepanda kuliko ya alfajiri. Siha yake haijashuka; damu imekwenda kwenye ngozi kupoza mwili. Apunguze mwendo, au ahamishe mazoezi yake kabla ya jua kuchomoza.

Katika mazoezi ya nguvu, mapigo hayana msaada mkubwa. Swali la kujiuliza ni hili: nilipoacha, nilikuwa nimebakiwa na marudio mangapi ambayo ningeweza kuyafanya kwa usahihi? Yakibaki mawili au matatu, uzito unatosha. Ukiweza kuvuka lengo lako kwa marudio mawili katika vipindi viwili mfululizo, ongeza mzigo kati ya asilimia 2 na 10. Nyumbani hili ni rahisi kuliko ukumbini, kwa sababu lita moja ya maji ina kilo moja. Mwenye kuinua dumu lenye lita 4 mara 10 kwa wepesi aongeze kikombe cha mililita 250. Hahitaji kununua chuma. Asiye na dumu asimame kutoka kwenye kiti kifupi zaidi, au ashuke kwa hesabu ya nne badala ya mbili. Mwenye shinikizo la damu asibane pumzi anapoinua. Atoe pumzi wakati wa kuinua na kuivuta wakati wa kushusha.

Kwa mazoezi ya pumzi, ongeza muda kwanza, kisha siku, na ukali uwe wa mwisho. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za kali, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Asiyefika dakika 150 hana haraka ya kukimbilia ukali. Aliyezifikia na bado anaimba njiani, ndiye wa kuingiza vipande vya dakika moja ya mwendo wa 7, kati ya dakika mbili tatu za 5.

Siha pia hushuka, na hushuka kwa kasi inayowashangaza wagonjwa. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana watano walilazwa kitandani kwa wiki tatu kwa ajili ya utafiti. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ilionekana kwamba wiki zile tatu ziliupunguza uwezo wao wa kazi kuliko ilivyofanya miaka 30 ya kuzeeka. Aliyelala wiki mbili kwa malaria au nimonia asirudi kwenye karatasi ya kabla ya ugonjwa. Aanze na nusu ya muda, kwa mwendo wa 4, aache kipimo cha kuongea kimpandishe. Mwenye homa asifanye mazoezi hata kidogo.

Maumivu au kubanwa kifua, kizunguzungu, mapigo yanayokwenda ovyo, au kukosa pumzi kusikolingana na kazi, hayo si ukali wa kuzoea. Acha zoezi, na dalili zisipoondoka mara moja nenda hospitali. Mwenye shinikizo la 180/110 au zaidi akiwa amepumzika amwone mhudumu kabla ya kuanza. Anayetumia insulini au glibenclamide apime sukari kabla ya zoezi, ale kitu kidogo ikiwa chini ya 5, na awe na sukari au soda karibu. Kadiri siha inavyopanda, mwili huitikia insulini vizuri zaidi, hivyo dozi iliyokuwa sahihi mwezi wa kwanza inaweza kumshusha sukari mwezi wa nne. Dozi ibadilishwe na daktari, si na mgonjwa mwenyewe.

Kwa wahudumu wenzangu, napendekeza kwamba kadi ya mgonjwa iwe na safu tatu mbele ya kila zoezi: idadi, namba ya juhudi, na mapigo ya asubuhi. Kila baada ya wiki nne aongeze kipimo kimoja: mara ngapi anaweza kuinuka kitini katika sekunde 30, mikono ikiwa imekunjwa kifuani, kiti kikiwa kimeegemezwa ukutani. Akirudi kliniki na idadi ile ile lakini juhudi imeshuka kutoka 6 hadi 3, mhudumu ana sababu ya kuandika karatasi mpya siku hiyo hiyo. Na kama juhudi imepanda ilhali idadi haijabadilika, aanze kwa kuuliza juu ya usingizi, homa, dawa mpya na uvimbe wa miguu, kisha apime wingi wa damu, kabla ya kumwambia mgonjwa kwamba amezembea.