Ekzosi ikinuka yai viza, usikimbilie kukata masega

Gari la petroli likianza kunuka yai viza, jibu la haraka gereji ni moja: masega yamekufa, tuyatoe. Kile kikopo cha chuma cha kusafishia moshi, chini ya gari, kinapasuliwa, masega yanakung'utwa, bomba linachomelewa tena. Harufu inaondoka kweli. Lakini ugonjwa unabaki palepale, kwa sababu masega hayatengenezi salfa. Yanapokea tu kile kinachoshushwa na injini.

Salfa imo ndani ya petroli yenyewe, kwa kiasi kidogo. Injini ikiunguza vizuri, salfa hiyo hutoka ikiwa dioksidi, yenye harufu kali ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Petroli ikizidi hewa, mambo hubadilika: platinamu, paladiamu na rodiamu zilizopakwa kwenye masega huigeuza salfa kuwa haidrojeni salfaidi, ambayo pua ya binadamu huinusa hata ikiwa chembe tu hewani. Hesabu ya injini ya petroli ni kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Harufu ya yai viza isiyoisha maana yake, mara nyingi, ni kwamba hesabu hiyo imevurugika, na swali la kumuuliza fundi ni kwa nini injini inapewa petroli nyingi.

Kabla ya swali hilo, hakikisha harufu inatoka ekzosi kweli. Betri inayochajiwa kupita kiasi nayo hunuka yai viza. Fungua boneti: ikiwa betri ni ya moto na imevimba mbavuni, pima umeme injini ikiwa inanguruma. Volti 14 na ushee ni kawaida. Ikivuka 15, tatizo liko kwenye altaneta, na betri hiyo usiisogelee na moto wala sigara. Kisha chungulia chini ya gari. Oili ya gia na ya difu ina salfa nyingi, na tone moja likidondokea bomba la moto, gari zima hunuka. Nimeona watu wakibadilisha vifaa vya bei kubwa kwa sababu ya sili ya difu iliyokuwa inavuja.

Ikithibitika ni ekzosi, rudi juu kwenye injini. Kwa gari la huku kwetu Kumsenga, wilayani Kibondo, mahali pa kwanza pa kutazama ni kwenye ea klina. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, vumbi jekundu la njia za Kibondo na Kasulu hujaa humo haraka kuliko kitabu cha gari kinavyosema, maana kitabu hicho kiliandikwa kwa barabara za Japani. Kwenye kabureta, ea klina iliyoziba hunyima injini hewa moja kwa moja. Kwenye gari la nozeli, vumbi linalopenya hutua kwenye sensa ya hewa, nayo huipa kompyuta hesabu isiyo sahihi. Pikipiki na magari ya zamani ya kabureta yana shida ya ziada huku juu: kwenye kimo cha mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 15 kuliko Dar es Salaam, hivyo kabureta iliyosetiwa pwani itamwaga petroli kupita kiasi ikifika nyanda hizi.

Baada ya hapo fungua plagi na uzisome. Ncha ya kahawia hafifu ni ya injini yenye afya. Masizi makavu meusi, yanayofutika kwa kidole, ni petroli iliyozidi. Hapo chunguza sensa ya oksijeni na nozeli zinazovuja. Weusi unaong'aa na kulowa ni oili inayopanda kupitia ringi au inayoshuka kupitia sili za valvu, na moshi wake ni wa bluu. Ikiwa harufu ni tamu na moshi mweupe hauishi hata injini ikishapata moto, maji ya rejeta yenye kulanti yanaingia kwenye silinda. Hiyo ni gasketi ya silinda hedi. Usiendelee na safari.

Kuna pia petroli ya vidumu. Mwaka 2010 Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwabana wachakachuaji, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili yasiwe na faida ya kuchanganywa. Hatua hizo zilisaidia sana, ila petroli iliyokaa juani kwenye chupa kando ya njia haina anayeipima. Ikiwa harufu ilianza baada ya kujaza mahali fulani, ongeza mafuta ya kituo unachokiamini, tembea tangi moja, kisha ndipo uamue kama kuna haja ya kufungua injini.

Kuchelewa nako kuna gharama. Petroli isiyoungua kwenye silinda huungulia ndani ya masega, yakapata joto mpaka yakayeyuka na kuziba. Gari likakosa nguvu mlimani. Kikopo cha masega kikiwa chekundu kwa moto, kuegesha juu ya nyasi kavu za mwezi wa Agosti ni kuwasha pori.

Kinachonitia hofu zaidi, hata hivyo, hakinuki. Moshi wa petroli iliyozidi hujaa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoinyima damu oksijeni. Yai viza la ekzosi likisikika ndani ya gari, jua kwamba gesi hiyo imeingia nayo. Probox au Noah iliyopakia magunia mpaka mlango wa nyuma ukafungwa kwa kamba huuvuta moshi wake yenyewe: hewa inayozunguka nyuma ya gari linalokwenda huurudisha moshi ndani, na wanaoanza kuumia ni abiria wa kiti cha nyuma, mara nyingi mama na mtoto. Kichwa kikigonga, kizunguzungu na kichefuchefu vikiwapata watu wawili au watatu kwa pamoja, usiseme ni uchovu wa barabara. Simama, zima injini, washushe wote wapate hewa, na anayelegea apelekwe hospitali.

Ndugu dereva, mzigo usiokuruhusu kufunga mlango wa nyuma ni mkubwa kuliko gari lako. Upunguze kabla hujaondoka.