Alice Coachman, Binti Aliyeruka Bila Kiwanja

Wanangu, leo nawasimulia habari za Alice Coachman, mwanamke Mweusi wa kwanza duniani kushinda medali ya dhahabu ya Olimpiki. Hii si ngano. Ni mambo yaliyotokea kweli, tena si zamani sana, kwani Alice alifariki mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 90.

Alizaliwa tarehe 9 Novemba 1923 katika mji wa Albany, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Kwao walikuwa watoto kumi, naye wa tano. Enzi hizo, huko kusini, sheria ziliwatenga Weusi na Wazungu. Shule zao zilikuwa mbali mbali, viti vya basi mbali mbali, hata bomba la maji ya kunywa kila upande na lake. Viwanja vizuri vya michezo vilikuwa vya Wazungu. Mtoto Mweusi akitaka kukimbia, ajitafutie mwenyewe pa kukimbilia.

Alice akajitafutia. Alikimbia pekupeku kwenye barabara za vumbi. Alipotaka kuruka juu, alifunga kamba au matambara yaliyounganishwa, akaruka. Akivuka, anaipandisha kamba na kuruka tena. Baba yake hakupendezwa hata kidogo. Aliamini kwamba msichana mwenye adabu hutulia barazani, na mara nyingine alimchapa kwa sababu ya hiyo michezo. Lakini mwalimu wake wa shule ya msingi, Cora Bailey, alikiona kipaji chake na kumtia moyo asiache.

Mwaka 1939, kabla hajatimiza hata miaka 16, Alice alikwenda kwenye mashindano ya taifa ya wanawake. Akaruka bila viatu, akawa bingwa wa Marekani. Chuo cha Tuskegee, chuo mashuhuri cha Weusi huko Alabama, kikampa nafasi ya kusoma. Nafasi yenyewe haikuwa ya bure, maana ilimbidi afanye kazi. Alisafisha kumbi za michezo na kushona sare zilizochanika, na mazoezi na masomo vikimngoja.

Basi sikilizeni hapa kwa makini. Alice alikuwa bingwa wa taifa wa kuruka juu mwaka 1939, na 1940, na 1941, akaendelea hivyo mpaka 1948. Miaka kumi mfululizo hakuna aliyemng'oa! Bingwa wa namna hiyo ndiye hasa wa kupelekwa Olimpiki. Lakini dunia ilikuwa vitani. Michezo ya 1940 ikafutwa, na ya 1944 nayo ikafutwa. Miaka ambayo mwili wake ulikuwa na nguvu na wepesi kuliko wakati mwingine wowote ikapita hivyo hivyo.

Angeweza kukata tamaa, na nani angemlaumu? Badala yake, kila mwaka alirudi kwenye mazoezi, akarudi mashindanoni, akashinda. Huko ndiko kungoja kwake. Alingoja huku akifanya kazi, ili mlango ukifunguliwa umkute yuko tayari.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1948 mjini London. Alice alikuwa na miaka 24, na mgongo ulikuwa ukimsumbua, lakini alikwenda. Tarehe 7 Agosti akaingia katika uwanja wa Wembley.

Mchezo wa kuruka juu uko hivi. Ufito hulazwa juu ya nguzo mbili, na katika kila kimo mchezaji ana nafasi tatu za kuuvuka bila kuuangusha. Wote wakishindwa, anayetazamwa ni yule aliyevuka kwa majaribio machache zaidi. Siku zile hapakuwa na godoro nene la kuangukia kama leo. Ulitua kwenye mchanga au maranda ya mbao, kwa hiyo ulipaswa kujua utakavyofika chini.

Ufito ukapandishwa mpaka mita 1.68. Hicho ni kimo cha mtu mzima aliyesimama wima! Alice akakimbia, akajirusha, akavuka kwa jaribio la kwanza. Mwingereza Dorothy Tyler, ambaye naye alikuwa amengoja tangu alipopata medali ya fedha katika Olimpiki ya mwaka 1936, alivuka kwa jaribio la pili. Kimo kilichofuata kiliwashinda wote wawili. Dhahabu ikawa ya Alice, na Mfalme George wa Sita ndiye aliyemkabidhi. Katika michezo ile, hakuna mwanamke mwingine wa Marekani aliyepata dhahabu ya riadha.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Alice alichumia juani kweli kweli, lakini kivuli alinyimwa. Aliporudi nyumbani, Rais Truman alimpokea, na msafara wa magari ukamsindikiza kutoka Atlanta hadi Albany huku watu wakimshangilia njiani. Kwenye sherehe katika ukumbi wa mji wake mwenyewe, Weusi waliketi upande mmoja na Wazungu upande mwingine. Meya alikuwepo jukwaani, lakini hakumpa mkono. Na sherehe ilipokwisha, bingwa wa Olimpiki alitokea mlango wa pembeni.

Alice hakuruka tena mashindanoni. Alikuwa mwalimu na kocha, akawafundisha watoto wa wenzake. Mwaka 1960 huko Roma, Wilma Rudolph, binti Mweusi wa Tennessee aliyeugua polio utotoni, alishinda dhahabu tatu za mbio. Wasichana wa rika la Wilma waliweza kukua wakijua kwamba mtu kama wao alishafika kileleni. Leo Albany ina shule inayoitwa kwa jina la Alice, katika mji uleule uliomnyima kiwanja.

Ninyi mtakaposhindana, shuleni au mtaani, jifunzeni kwa Alice kufanya mazoezi hata mwaka ambao hakuna mashindano. Na mwenzenu akiwashinda, awe wa kabila gani, rangi gani, mvulana au msichana, nendeni mbele za watu mkampe mkono. Meya wa Albany aliweza kulifanya jambo hilo dogo siku ile, naye akakataa. Ninyi msikatae.